Mvuke wa Baridi

Mtu wa kwanza kuuawa na mashine ya Kilegezi hakuanguka. Alisimama juu ya ukuta wa matangi ya maji, bunduki mkononi, mdomo wazi kama anayetaka kumwita mwenzake, na mvuke mweupe ukamtoka puani, masikioni na pembeni mwa macho. Kisha kifua kikapasuka kwa ndani, kwa kishindo cha gunia lililobwagwa sakafuni, na hapo ndipo miguu ilipomwachia.

Wavamizi wenzake walikuwa nyuma yake, wamepanda kwa ngazi za kamba. Wote waliokuwa mbele ya mdomo wa mashine wakaenda vilevile. Mmoja alijirusha chini kujiokoa. Alipogusa ardhi alikuwa mwepesi kama ganda la mhindi. Ngozi zilisinyaa zikashika mifupa, damu ikabaki unga wa kahawia kwenye mashati. Mashati yenyewe hayakuungua. Hapakuwa na moto, wala moshi, wala harufu ya kuungua. Mvuke uliowatoka ulikuwa baridi, ukatambaa juu ya ukuta taratibu kama ukungu wa milimani.

Dokta Leokadia Nsokolo aliyaona hayo akiwa anakimbia kupanda ngazi za mnara, akipiga kelele, "Zima! Zima hiyo!" Hakuna aliyemsikia. Kule juu, kaka yake Gaudensi, kamanda wa walinzi wa mji wa Nkanga, alikuwa ameigeuza mashine kutoka kwenye mabwawa ya chumvi akaielekeza ukutani, na mkono wake ulikuwa umeganda kwenye mtaimbo wa kuongezea nguvu.

Leokadia alimsukuma kwa bega, akauangusha mtaimbo. Mngurumo ukafifia.

"Kaka, umefanya nini?"

Gaudensi alikuwa mtu mkubwa, mwenye shingo ya fahali. Alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Walikuwa wameshapanda," alisema. "Ulitaka nifanyeje, niwakaribishe chai?"

Leokadia aliitengeneza mashine ile kwa ajili ya maji ya kunywa. Tangu watu wa nyanda za juu walipoukata mto kwa bwawa lao, Nkanga ilibaki na ziwa la chumvi peke yake, ziwa zuri la kutazama na la kufia kando yake kwa kiu. Kuni za kuchemshia ziliisha katika bonde zima la Rukwa. Ndipo Leokadia alipotafuta njia ya kuyafanya maji yaondoke kwenye chumvi yenyewe bila moto, akaipata, na watoto wa Nkanga wakaacha kufa. Watu waliiita Kilegezi, na wapo waliompa mtoto wa kike jina hilo.

Sasa aliinama juu ya ukuta na kuitazama kazi ya mikono yake. Mmoja wa wale waliolala chini alikuwa bado anakunja vidole.

*

Haukupita muda, Bi Oliva akaletwa langoni. Alikuwa mmoja wa wanawake waliotoka alfajiri kukokota chumvi mabwawani. Walimkata sikio moja, wakalifunga kwenye pindo la kanga yake, wakamrudisha na ujumbe.

"Wametukamata wote," alisema, huku mtu akimfunga kichwa kwa kitambaa. "Meja Siwale wa nyanda za juu anasema mkishaona jua la utosi, yeye anakuja na malori. Sisi... hao wenzangu, atawafunga mbele, kwenye vyuma vya malori. Anataka mashine. Anasema mkitaka kuwakausha askari wake, muanze na watu wenu."

Alimtazama Gaudensi, akashindwa kuendelea.

"Sema, mama."

"Prisila yupo, Kamanda. Walimfunga lori la kwanza. Alimng'ata askari mkono hadi mfupa, ndiyo maana wakamweka la kwanza."

Prisila alikuwa binti wa pekee wa Gaudensi. Ndiye aliyeendesha trekta la chumvi. Kamanda aligeuka, akapanda mnarani, na Leokadia akamfuata.

Chumba cha mashine kilikuwa na joto. Katikati palikaa tangi la chuma lenye koili nene za nyaya za kopa zilizozamishwa kwenye mafuta ya transfoma, na mbele yake ile tarumbeta kubwa iliyoitwa mdomo.

"Nieleze," alisema Gaudensi. "Usinifiche kitu. Nataka kujua itawafanya nini wao na malori yao."

Leokadia hakutaka kueleza. Alichota maji kwenye glasi, akamimina mafuta ya taa kwenye kopo, akachukua na bonge la chumvi, akavipanga vyote juu ya benchi mbele ya mdomo. Akauinua mtaimbo. Maji yalitokota mara moja, baridi yalivyo, yakaondoka yote, glasi ikabaki kavu. Mafuta ya taa hayakutikisika. Chumvi ilikaa kama ilivyokuwa.

"Maji yanaponaswa pale, kitu gani kinavunjika?" aliuliza Gaudensi.

"Hakuna kinachovunjika ndani ya molekuli. Oksijeni imebaki na hidrojeni zake mbili. Kilicholegea ni mkono unaoshika jirani." Alizima. "Oksijeni ina uchu wa elektroni, inazivuta kwake, hidrojeni inabaki karibu uchi. Nayo ni ndogo mno, haina elektroni nyingine za kujisitiri. Basi inasogea karibu kabisa na oksijeni ya molekuli ya pili na kuing'ang'ania. Hicho ndicho kifungo cha hidrojeni. Unaijua ile gesi ya mayai viza pale chemchemi ya maji ya moto?"

"Naijua."

"Molekuli yake imekaa umbo kama la maji, na ni nzito kuliko ya maji. Ilipaswa ikae kimiminika kuliko maji yenyewe. Lakini badala ya oksijeni ina salfa, na salfa haina uchu ule. Zinavutana ncha kwa ncha, mvutano wa uvivu tu, kwa hiyo inaruka hewani. Bila kile kifungo, maji ya ziwa hili yangeruka vivyo hivyo. Kilegezi kinayafanya yasahau kushikana."

"Na mafuta ya taa?"

"Hayana kifungo hicho tangu mwanzo. Elektroni zake zinayumba, molekuli inavuta jirani kidogo, inaachia, inavuta tena. Kila mguso ni dhaifu sana, ila molekuli ni ndefu na migusano ni mingi, ndiyo maana yanakaa kwenye kopo. Kwa hayo mashine haina la kulegeza. Ndiyo sababu nimezilaza koili kwenye mafuta. Ningezilaza kwenye kitu chenye maji, tangi lingepasuka siku ya kwanza. Na chumvi ni habari nyingine. Ile ni chaji kamili kwa chaji kamili. Ukitaka hiyo iachiane, lete tanuru."

Gaudensi alilishika bonge la chumvi, akaligeuzageuza.

"Kwa hiyo malori yatabaki. Matairi, dizeli, vyuma."

"Yatabaki."

"Na dereva?"

"Dereva ni maji, kaka. Kila aliye mbele ya mdomo ni maji."

Alisikia kaka yake akivuta pumzi na kuishusha.

"Mwanangu ni mmoja," alisema Gaudensi. Sauti ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma tangazo. "Wale wakokota chumvi wanajulikana kwa majina, wote. Lakini Siwale akiipata mashine hii ataiweka pale kilimani na kuielekeza kwetu, na hatatumwa mtu na ujumbe. Wakifika kwenye nguzo za mabwawa, navuta hadi mwisho."

"Ngoja." Leokadia alikuwa tayari ameshika kipande cha chaki, anaandika sakafuni. "Ngoja kwanza. Lori linalopanda na mzigo, juani, maji ya rejeta yanakaribia kuchemka yenyewe. Nikivilegeza vifungo nusu tu, maji yatachemka kwenye joto la chai inayonyweka. Rejeta zote zitapasuka, injini zitanoki, zikwame. Mwili wa mtu uko chini ya joto hilo. Hautachemka."

"Kwa hiyo watu hawatadhurika."

Angeweza kusema ndiyo. Alimtazama kaka yake usoni na hakuweza.

"Sijasema hivyo. Nyama ya mwili, damu, kila protini imekunjwa ikakaa umbo lake kwa vifungo hivyohivyo. Uzi wa urithi, ule unaokufanya ufanane na baba, umeshonwa navyo. Nikivilegeza nusu, sijui kipi kitafumuka, wala kipi kitajikunja tena sawasawa."

"Umewahi kujaribu? Hata kwa mbuzi?"

"Hapana."

Gaudensi alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Basi mimi nataka kumwua mara moja, na wewe unataka kumjaribia. Shangazi yake." Aliliweka bonge la chumvi benchini, polepole. "Haya. Jaribu. Wakizipita nguzo, utanipisha."

*

Malori yalikuja jua likiwa utosini, yamefuatana kwenye tuta la chumvi, vumbi jeupe nyuma. Mbele ya kila moja palikuwa na watu waliofungwa kwa minyororo kwenye vyuma, mikono imetandazwa. Leokadia alimtambua Prisila kwa gauni lake la njano. Kichwa kilikuwa kimeinama, lakini lori lilipoingia shimoni akakiinua.

Askari walianza kupiga risasi wakiwa mbali. Mlinzi aliyekuwa jirani na Leokadia alipigwa ya shingo, akakaa chini huku akiishika kwa mikono miwili, anashangaa, damu inamtoka katikati ya vidole. Chini ukutani watu wa Nkanga walikuwa wamejipanga na mapanga, mundu, na bunduki chache zilizobaki.

"Nguzo," alisema Gaudensi nyuma yake.

Leokadia aliupandisha mtaimbo hadi alama ya chaki, akaushikilia hapo kwa mikono yote miwili.

Mwanzoni hapakutokea kitu. Kisha boneti ya lori la kwanza ikaruka, mvuke ukafoka, na la pili, na yote yaliyofuata, mapigo kama ya ngoma iliyopasuka. Injini zililia kwa chuma kusaga chuma, zikanyamaza. La nyuma liligonga la mbele yake, likapinduka kutoka tutani na watu wake likawalalia, wa Siwale na wa Nkanga pamoja. Leokadia aliiona mikono iliyofungwa ikipotea chini ya chuma. Hakuachia.

Watu waliofungwa walikuwa wanapiga mayowe. Hawakuwa wanachemka, hilo aliliona. Lakini miili ilikuwa inajinyonga kwenye minyororo kama nguo inayokamuliwa, na Prisila alikuwa anakipigiza kichwa kwenye chuma nyuma yake, tena na tena.

Akauteremsha mtaimbo.

Askari walishuka malorini wakiyumba. Wengine walitapika. Lakini walikuwa wengi, na bunduki zilifanya kazi, maana baruti haina maji ya kulegezwa. Wakakimbilia ukuta. Watu wa Nkanga hawakusubiri. Walimiminika nje kuwafuata wafungwa wao, na katikati ya tuta wakakutana uso kwa uso. Hapo hapakuwa tena na sayansi. Fundi wa trekta alimpasua mtu taya kwa mundu. Askari kijana alimchoma Bi Oliva tumboni kwa singe, akashindwa kuichomoa, akauawa akiivuta. Mwanamke mmoja alikuwa amemkalia askari kifuani, anamjaza chumvi mdomoni kwa viganja, anamtajia jina la mumewe aliyeuawa.

"Nipishe," alisema Gaudensi.

"Wamesimama, kaka. Malori yamesimama!"

"Wao hawajasimama. Unaona vizuri? Wanatushinda. Nipishe."

"Watu wetu wako katikati yao! Prisila bado amefungwa!"

"Nimekwambia mwanangu ni mmoja!"

Alimpiga kwa kitako cha bunduki. Leokadia alianguka kando ya tangi, meno yamevunjika mdomoni, jicho moja limejaa damu. Mpira wa kuoshea sakafu ulikuwa chini ya mkono wake. Baadaye watu walimwuliza kama alifikiri, na yeye aliwajibu kwamba ndiyo, alifikiri, aliona jambo zima tangu mwanzo hadi mwisho wake. Alikibetua kifuniko cha tangi, akaingiza mpira, akafungua bomba. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yalizama hadi kwenye koili.

Gaudensi alikuwa anaugeuza mdomo, kuulenga pale mapigano yalipokuwa mazito.

"Gaudensi." Hakuwahi kumwita jina tupu maishani mwake. "Kuna maji ndani ya mafuta. Ukivuta, tangi litapasuka. Utakufa."

Kaka yake aligeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni na hakuwa na habari nayo.

"Unanidanganya," alisema.

"Sikudanganyi."

"Unanidanganya, Leo."

Kutoka pale alipolala, mguu wa kaka yake ulikuwa unafikika. Angeweza kuukumbatia. Badala yake alijikokota hadi mlangoni, akajiachia kwenye ngazi za chuma, akabiringika.

Mlipuko ulirarua paa la mnara. Tangi lilifunguka kama ua, vipande vya kopa vikaenda hadi ziwani, na mafuta yakanyesha juu ya ukuta.

Kule tutani askari walisikia, wakaona wingu jeupe likitoka mnarani, wakadhani ndilo limewajia. Walizitupa bunduki, wakalala kifudifudi, mikono juu ya vichwa. Watu wa Nkanga waliendelea kuwakata hivyohivyo wakiwa wamelala. Leokadia alishuka akiwa anachechemea, damu inamchuruzika kidevuni, akajitupa juu ya mgongo wa askari mmoja na panga likamkata bega kabla aliyelishika hajamtambua. "Imetosha!" alikuwa anapiga kelele bila meno. "Imekwisha, imetosha!" Mmoja mmoja, mikono ilishuka. Meja Siwale walimkuta ndani ya lori la kwanza, amekufa kwenye kiti chake, hana jeraha. Moyo wake tu ulikuwa umekataa.

*

Waliwalaza kwenye ukumbi wa shule, waliofungwa na askari waliokuwa malorini, maana wote walikuwa wamepitiwa na kitu kimoja. Siku ya kwanza walionekana wazima. Halafu fizi zikaanza kutoka damu, nywele zikabaki kwenye mito, ngozi ya viganja ikavuka kama ya nyoka. Wengine walikufa haraka. Wengine waliamka asubuhi moja wakaomba uji, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini wao. Askari aliyelala jirani na mkokota chumvi mmoja alimshikia bakuli alipotapika, naye akamshikia la kwake.

Maji kwenye matangi yalikuwa yanapungua. Vijana walikuwa wameshapanda nyanda za juu na mateka wenye nafuu, wakiwatanguliza, kwenda kuzungumza habari ya mto au kuupigania. Hakuna aliyemwomba Leokadia atengeneze mashine nyingine, na hakuna aliyemwomba asitengeneze.

Alikuwa amekaa nje ya ukumbi siku nzima, bega limefungwa, hathubutu kuingia. Jua lilipoanza kupungua ukali alikuja mtu kumwambia kwamba Prisila anamwita.

Binti alilala chali karibu na dirisha. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, na midomo imepasuka.

"Wananificha," alisema. "Kila nikiuliza habari za baba wananipa uji. Ni nani aliyemwua?"

"Mimi."

Prisila alifumba macho. Kope hazikuwa na nywele.

"Kwa nini?"

Leokadia alikuwa ameyatayarisha majibu mengi, yote ya kweli nusu. Aliona kwamba jibu zima lingemwumiza mtoto huyu kuliko ile minyororo, na aliona pia kwamba akimpunguzia ukweli atakuwa amemchagulia tena, bila kumwuliza.

"Alitaka kuivuta mashine hadi mwisho. Nyote mngekauka."

"Alijua niko mbele?"

"Alijua. Alikuwa analia. Nilimwambia tangi litapasuka, hakuniamini. Ningeweza kumshika mguu. Sikumshika."

Nje mtu alikuwa anapasua mbao kwa ajili ya majeneza. Prisila alisikiliza shoka lile, na kifua chake kilipanda na kushuka. Alipofumbua macho yalikuwa makavu.

"Na mimi? Nitapona?"

"Sijui, mwanangu."

"Wewe ndiye uliyeitengeneza."

"Ndiyo. Na sijui."

Leokadia aliinuka. Alidhani kwamba yameisha, kwamba sasa atafukuzwa, na moyoni mwake alikuwa anautamani mlango kama mwenye kiu. Lakini mkono wa binti, ule uliovuka ngozi, ulitoka chini ya shuka na kuushika upindo wa gauni lake. Haukuwa na nguvu hata ya kukunja kitambaa.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Prisila. "Kaa. Unataka kujua inamfanya nini mtu, kaa hapa unitazame. Nikifa utazame. Nikipona utazame. Usinigeuzie uso, shangazi."

Leokadia alivuta kigoda, akakaa.